Paa Hushikwa Maungioni

Ukambani upepo hutangulia mvua. Oktoba inapokaribia kwisha, joto likiwa limetanda juu ya Kitui na mashamba yamebaki udongo mtupu, huja alasiri moja ambapo vumbi huinuka, mbuzi hukimbilia zizini bila kuswagwa, na mabati huanza kugonga. Mvua yenyewe hufuata Novemba. Ndiyo tunayoipandia mahindi, mbaazi na ndengu, kwa kuwa ile ya Machi hadi Mei haiaminiki. Lakini kabla tone la kwanza halijaanguka, upepo huwa umekwisha kuipima kazi ya kila fundi kijijini.

Kazi hii nilifundishwa na mjomba wangu, seremala wa upande wa Matinyani, si mbali na mji wa Kitui. Milango, madirisha na vitanda aliwaachia wengine. Yeye alikuwa mtu wa paa. Baada ya dhoruba alinichukua tukazunguka kutazama nyumba zilizoezuliwa, nami nilidhani anatafuta kazi, hadi siku aliponiambia niachane na mabati yaliyojikunja, niokote misumari.

Aliipanga misumari hiyo mafungu mawili. Msumari ulionyooka ulikuwa umechomoka; mbao iliuachilia bila ubishi. Msumari uliopinda ulikuwa umepambana kabla ya kushindwa. "Haya kijana, niambie, ipi mingi?" Karibu kila mara ilikuwa ile iliyonyooka. Kisha tulikwenda kuzitazama mbao zenyewe zilikotupwa, na ajabu yake ni kwamba nyingi hazikuwa zimevunjika. Rafta za mteremko nzima, boriti za chini nzima, palini za kushikia mabati nzima. Zilikuwa zimeachana tu. Niliona mapaa yaliyobebwa pamoja na mabati na mbao zake yakatua ng'ambo ya boma yangali yameshikana, kwa sababu mahali pekee palipoachia ni pale paa lilipokutana na ukuta.

Nimejifunza mengi tangu wakati ule, chuoni na kazini, lakini hakuna lililonifaa kuliko hilo. Paa hushindwa maungioni. Mwenye nyumba huhesabu mbao, huhesabu mabati, hubishana dukani kuhusu geji ya 28 na ya 30, halafu maungio huachwa yafungwe kwa misumari yoyote iliyobaki ndani ya kopo.

Watu wengi huamini kwamba mbao za paa zipo ili zibebe uzito. Kwa nyumba ya vigae ni kweli. Kwa nyumba ya bati, ambayo ndiyo nyumba ya Ukambani, uzito si shida kubwa: bati la geji 30 lina takriban kilo 3 tu kwa kila mita mraba. Upepo nao, ukienda kwa kasi ya kilomita 90 kwa saa, husukuma kwa nguvu inayokaribia kilo 40 kwa mita mraba. Ukipita juu ya paa lenye mteremko mdogo hulinyonya kwenda juu, na mlango ukiwa wazi huingia ndani ukalisukuma kutoka chini pia. Chukua paa la mita mraba 80, piga hesabu, utaona kuna tani kama 3 zinazotaka kulinyanyua. Mjomba hakuwahi kupiga hesabu hiyo. Alisema tu kwamba paa la bati usiogope litakuangukia, ogopa litaruka.

Ndiyo maana alizithamini trasi, zile pembetatu za mbao ambazo wenzetu wa Tanzania huziita kenchi. Pembetatu haiyumbi. Pigilia mbao nne ziwe mraba, msumari mmoja kila kona, kisha usukume upande mmoja: utalala. Pigilia mbao tatu, na hutazilaza mpaka mbao ivunjike au msumari ung'oke. Kwa umbo hilo, mbao nyembamba za nne kwa mbili na tatu kwa mbili huvuka chumba ambacho kingehitaji boriti nene, ghali na nzito. Elimu hii ni ya kale. Msanifu majengo Andrea Palladio wa Italia alichora madaraja ya trasi za mbao katika kitabu alichokichapisha mwaka 1570. Na Wamarekani wa Florida, walipotaka kujenga nyumba nyingi kwa haraka katika miaka ya 1950, kitu walichokivumbua hakikuwa mbao mpya. Kilikuwa bamba la chuma lenye meno, la kushikanisha mbao pale zinapokutana. Kazi yote ya akili ilikuwa kwenye kiungo.

Kwetu mabamba hayo hayakuwako. Mjomba alisawazisha kiwanja mbele ya nyumba, akachomeka vigingi, akavuta kamba. Pembe mraba aliipata kwa kamba ya futi 3, 4 na 5. Trasi ya kwanza ilimchukua asubuhi nzima, na hakuruhusu mtu kumharakisha, kwa sababu zote zilizofuata zililazwa juu yake na kukatwa kwa kipimo chake. Boriti ya chini aliiinua katikati kiasi cha nusu inchi, ili mabati na dari vikishaongezwa inyooke badala ya kubonyea. Palipokutana mbao tatu alipigilia vipande vya plaiwudi pande zote mbili, misumari ikapandishwa na kushushwa, isifuate mstari mmoja na kuipasua mbao. Hilo la mwisho huonekana dogo. Nimekuta mbao nzuri ya mtarakwa imepasuka kutoka ncha hadi ncha kwa sababu fundi aliipigilia misumari mitano kwenye mstari mmoja wa nyuzi zake.

Siku ya kuzipandisha, majirani waliitwa kama wanavyoitwa kwenye mwethya wa kuchimba matuta au kujenga bwawa la mchanga. Wanaume walikaa juu ya ukuta, vijana chini na kamba, akina mama walipika isio. Mjomba hakukubali trasi ya pili ipande kabla ya ya kwanza kufungwa kwa mbao ya mshazari hadi chini. Miaka mingi baadaye, kwenye jengo moja la kanisa Makueni, nilishuhudia kwa nini. Trasi zilikuwa zimesimamishwa zote, zimeshikwa na palini moja tu juu, mafundi wakashuka kula. Upepo mmoja ukaja wa kawaida kabisa, trasi zikalala upande mmoja mfululizo hadi ya mwisho. Hakuumia mtu kwa kuwa wote walikuwa chini ya mwembe na sahani zao.

Sasa nifike kwenye ukuta, maana hapo ndipo nyumba zetu nyingi zinapopotea. Juu ya ukuta hulala mtambaapanya, na juu ya mtambaapanya hukaa trasi. Fundi mwenye haraka hupigilia msumari wa inchi 4 kwa mshazari kutoka kwenye rafta hadi kwenye mtambaapanya, mmoja kila upande, akaendelea. Mtambaapanya wenyewe umelazwa juu ya matofali kwa saruji kidogo. Kwa macho, nyumba imekamilika. Kwa upepo, hakuna kinachozuia kitu. Msumari una nguvu nyingi ukivutwa kwa ubavu na nguvu ndogo ukivutwa kwa urefu wake; upepo unaonyanyua paa huuvuta kwa urefu wake, yaani unaung'oa kama mtu anavyong'oa kigingi cha mbuzi.

Dawa yake ni ule ukanda mwembamba wa chuma unaouzwa kwa roli katika kila hadiwea, kuanzia Mwingi hadi Mtito Andei. Ukanda huo hulazwa ndani ya ukuta safu kadhaa za matofali chini ya mtambaapanya, au huzamishwa katika mkanda wa zege pale mwenye nyumba alipoumudu, ncha zake mbili zikaachwa zikining'inia. Trasi ikishakaa, ncha hizo huzungushwa juu ya rafta, zikakazwa na kupigiliwa ubavuni. Hapo misumari haivutwi tena kwa urefu. Inakatwa kwa ubavu, na paa likitaka kuruka sharti liubebe na ukuta. Mjomba aliuweka kwenye kila trasi, hata za ndani ambazo wengine huziruka. Wateja walilalamika kwamba anapoteza chuma mahali pasipoonekana. Yeye alijibu kwa upole, "Mama, mimi sijengei macho," akaendelea na kazi.

Nimesema kuhusu misumari iliyochomoka bila kupinda. Chanzo chake kikubwa ni mbao mbichi. Mti uliokatwa juzi umejaa maji, na unapokauka hunywea. Msumari uliouingiza ukiwa mbichi hubaki ndani ya tundu lililolegea, na sehemu kubwa ya mshiko wake hupotea bila mtu kugusa chochote. Fundi amelipwa amekwenda, nyumba imepakwa rangi, na kule juu kila kiungo kinaachia polepole kadiri kiangazi kinavyoendelea. Kwetu kiangazi ni kirefu.

Jambo hili lilizidi baada ya Februari 2018, serikali ya Kenya ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma. Marufuku ilitangazwa kwa siku 90, ikaongezwa mara kwa mara, na hatimaye rais akatangaza kuiondoa Julai 2023. Sitaki kuibeza nia yake. Mito yetu inategemea misitu hiyo, na mtu wa Makueni anayechimba mchanga wa mto apate maji anajua thamani ya msitu ulio mbali. Lakini mtarakwa na msonobari wa mashamba ya serikali, iliyokuwa ikitufikia kutoka Nyeri na Nyandarua, ilipungua na bei ikapanda. Pengo likajazwa na msonobari kutoka Tanzania, na zaidi na mikaratusi na migrivilea ya mashambani, ikikatwa ikiwa michanga katika milima ya Kilungu na Mbooni na kuuzwa barabarani siku hiyohiyo ikiwa bado inatoa maji. Mkaratusi mbichi hupinda vibaya ukikauka. Nimekuta palini zilizojisokota zikayainua mabati na misumari yake.

Bei ilipopanda, mafundi walitafuta pa kupunguzia, wakapunguza idadi ya trasi. Umbali uliokuwa mita 1.2, kwa paa kubwa mita 1.5, ukawa mita 2 na zaidi. Maoni yangu hapa hayajabadilika: mwenye fedha kidogo apunguze chumba, asipunguze trasi. Chumba huongezwa mwaka ujao. Tena anunue mbao miezi mitatu kabla ya kujenga, azipange kivulini, azitenganishe kwa vijiti ili upepo upite kati yake, aweke mawe mazito juu zisipinde. Ni jambo lisilohitaji fedha ila kivuli, na bado ndilo ninalopata shida zaidi kuwashawishi watu kulifanya, kwa sababu mbao ikishanunuliwa kila mtu anataka kuiona juu.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuacha mbao na kuhamia trasi za chuma chembamba, zilizoenea sana mijini katika miaka hiyo. Ni kitu kizuri kikifungwa na watu waliofunzwa. Lakini nimepanda juu ya paa la namna hiyo mjini Wote nikakuta ugonjwa uleule: skrubu mbili mahali pa sita, na mguu wa trasi umekaa juu ya tofali bila kufungwa. Chuma hakimwokoi mtu asiyejali kiungo.

Na kwa nini tuuache mti wakati tunao wetu? Mukau, ambao wataalamu huuita Melia volkensii, ni mti wa nchi kavu ya Afrika Mashariki, na Kitui na Makueni ni kwao. Wazee walichonga mizinga ya nyuki kwa gogo lake kwa sababu ni rahisi kuchongwa na mchwa huuepuka. Moyo wa mukau, ile sehemu nyekundu ya ndani, ndio mjomba aliotaka kwa mtambaapanya, hata kama trasi zote zilikuwa za mtarakwa. Alikuwa na sababu. Mchwa wa Ukambani hupanda ndani ya ukuta, hasa ukuta wa matofali yaliyojengewa udongo, usiwaone mpaka wafike kwenye mbao ya kwanza, na mbao ya kwanza ni mtambaapanya. Wakiumaliza huo, ukanda wa chuma umeshika unga. Ile sehemu nyeupe ya nje aliikataa, maana hiyo wadudu huila kama mbao nyingine yoyote. Mbao zisizo na kinga ya asili alizipaka oili chafu ya gari. Leo ni afadhali kununua zilizotiwa dawa kiwandani kwa mashine ya shinikizo, kwa sababu oili hubaki juu juu.

Kilichoufanya mukau uwe adimu ni sisi wenyewe pamoja na mbegu yake. Tuliukata kwa milango, vitanda na makaa bila kuurudisha, na mbegu yake imefungwa ndani ya kokwa ngumu ambayo haioti kwa kufukiwa tu. Zamani watu waliziokota kokwa zilizopita tumboni mwa mbuzi. Watafiti wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, katika kituo chao cha Kitui walitumia miaka mingi kuitafutia njia: kokwa hupasuliwa kwa uangalifu, mbegu hutolewa bila kujeruhiwa, hukatwa kidogo kwenye ncha, hulowekwa, ganda lake huchanwa, kisha huwekwa kitaluni. Kazi ile, iliyosaidiwa na Wajapani kupitia shirika lao la maendeleo, JICA, tangu miaka ya 1980, ilifika mahali pazuri zaidi mwaka 2012, ulipoanza mradi wa kuchagua miti iliyonyooka na kustahimili ukame, na mashamba ya mbegu yakapandwa Tiva kule Kitui na Kibwezi kule Makueni. Mukau uliotunzwa, ukachunwa machipukizi ya pembeni ungali mchanga ili shina linyooke, huweza kuvunwa kati ya miaka 12 na 15. Mtoto anayezaliwa leo anaweza kujenga kwa mti uliopandwa siku aliyozaliwa, kabla hajapata kitambulisho.

Nimekwisha kuipanda miti yangu ya mukau. Nawaambia hivyo vijana ninaofanya nao kazi, na baadhi yao wamepanda pia mipakani mwa mashamba, wakiacha ndengu zikue katikati.

Makueni ndiko nilikofanya kazi zaidi, tangu Wote ilipopata uhai mpya kwa kuwa makao ya kaunti mwaka 2013, na huko nilijifunza kwamba kiungo kizuri kinaweza kuuawa baada ya fundi kuondoka. Mwenye nyumba mmoja alipenda sebule yenye dari la juu, lenye kufuata mteremko wa paa. Akamleta kijana mwingine akakata boriti za chini za trasi nne. Mabati hayakusogea, mvua haikuingia, na wote wakafurahi. Lakini boriti ya chini haikuwapo ili kubeba dari. Rafta mbili zinazoegemeana husukumana kwenda nje mchana na usiku, na boriti ya chini ndiyo inayozizuia zisitanuke. Ilipokatwa, kazi hiyo iliangukia ukuta, na ukuta wa matofali hauna nguvu ya kusukumwa kwa ubavu. Nyufa zilianza juu ya madirisha. Niliitwa zilipofika upana wa kidole. Tulivuta vyuma kutoka ukuta hadi ukuta, tukarudisha boriti, na sebule ikapata dari la kawaida. Wengine huweka tangi la maji la lita 1,000 juu ya trasi zilizopimiwa bati na dari tu. Hiyo ni tani nzima katikati ya boriti. Tangi lijengewe mnara wake.

Na maji yenyewe ni sababu nyingine ya kulijali paa, pengine kubwa kuliko zote kwa watu wetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita mraba 80 ni lita 1,600, na hata ukipoteza moja ya tano yake kwa kumwagika na kuoshea vumbi, umebaki na maji ambayo mama angeyafuata mtoni kwa punda mara nyingi. Lakini maji hayo hufika tangini kupitia mfereji, mfereji hushikwa na fasia, na fasia hunyooka tu ikiwa miguu ya trasi imekaa kwenye mstari mmoja. Trasi mbili zikibonyea, mfereji hufanya tumbo, maji humwagika ukutani, na mtambaapanya huanza kuoza kutoka nje wakati mchwa wanaupanda kutoka ndani. Mjomba alivuta kamba kwenye miguu ya trasi kabla ya kuikata, na aliikata siku ya mwisho, yote kwa pamoja. Nami hufanya hivyo hadi leo.

Wewe unayejenga mwaka huu, iwe Kabati, Zombe, Emali au Sultan Hamud: siku fundi atakapokuambia mbao ziko tayari kuezekwa, usimlipe kabla hujapanda ngazi. Bati likishapigiliwa na dari likishafungwa hutaona tena kitu. Tembea ukutani kutoka kona hadi kona, utazame kila trasi inapokutana na mtambaapanya, na uushike ukanda wa chuma kwa mkono wako uone kama umekazwa. Gharama ya ukanda huo kwa nyumba nzima ni ndogo kuliko ya mlango wako wa mbele. Ukikuta trasi hata moja haijafungwa, simamisha kazi mpaka ifungwe.